Kiti cha 41

Saa 10 na nusu alfajiri

Nimeamka kumalizia filamu. Siku za kawaida mimi ni mwenye saiba hapa Kisumu: natoa fotokopi, najazia watu fomu za ushuru, nachapa kadi za harusi na programu za mazishi. Lakini kila mwaka, kwa wiki tatu hivi, watu wa tamasha letu dogo la filamu hunikumbuka. Mwanzo walinitaka kwa sababu nina printa, basi niwachapie tiketi. Mwaka juzi nikalalamika kwamba filamu zao nzuri zinaonyeshwa saa ambazo hakuna mtu wa kuzitazama. Wakaniambia, haya, njoo ukae kwenye kamati. Hayo ndiyo malipo ya mdomo.

Filamu yenyewe ni ya dakika 14. Imetumwa kwa kiungo chenye nywila, na jina langu limechapwa katikati ya picha ili nikiivujisha nijulikane. Naitazama saa hizi kwa sababu bando la usiku ni rahisi na linaisha kukipambazuka. Mwaka jana niliikataa filamu moja kwa kuwa ilikuwa giza tupu, kumbe giza lilikuwa la simu yangu. Sasa naongeza mwangaza mpaka mwisho, navaa spika za masikioni, najifunika blanketi kichwani. Mwanangu anasema nafanana na mtu anayejifukiza mvuke.

Kwenye daftari naandika mambo matatu tu: urefu, lugha, na nani atakuja. La tatu ndilo hunichukua muda.

Saa 1 asubuhi

Boda kutoka Nyalenda hadi mjini. Chai na mandazi mawili kwa mama wa kibanda, nafungua duka, nachapia kijana wasifu wake wa kuombea kazi. Hakuna la kusimulia.

Saa 3 asubuhi

Kikao cha mwisho cha ratiba. Tumebakisha siku tisa. Tuko watano: mwenyekiti, mwalimu mstaafu tunayemwita Jaduong' (yaani mzee, kwa Kijaluo), fundi wa projekta, binti mmoja wa chuo kikuu, na mimi. Ukumbi tulioazima una viti 120, na tuna siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Mtu wa nje hudhani kazi ya kamati ni kubishana filamu ipi ni bora. Hilo huisha mapema. Kinachotutoa jasho ni saa.

Ijumaa usiku tunafungua na "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Hapo hatukubishana. Walimu wa Kiswahili watakuja hata kukinyesha mawe. Binti wa chuo alitaka kujua kama tuwashe tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Jaduong' akasema ni aibu, Kiswahili kutafsiriwa mbele ya Waswahili. Mimi nikamwambia, Jaduong', Kiswahili cha Unguja cha miaka ya 1950 na hiki chetu cha Kondele ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Tafsiri iwashwe. Akacheka, ikapita.

Jumamosi asubuhi ni ya watoto: "Supa Modo" ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 2018. Dakika 74 tu, urefu ambao mtoto anaweza kuumudu bila kuomba kwenda chooni mara tatu. Lakini ni hadithi ya msichana mgonjwa asiyepona, na kijiji kizima kinamtengenezea filamu ili awe shujaa. Nimesisitiza tangazo liseme hivyo waziwazi. Mama akileta watoto wanne akidhani ni vichekesho, halafu wote wanne wamlilie kwenye tuktuk, hatanunua tiketi yangu tena maisha.

Jumapili ni "Nawi", ile ya binti wa Turkana anayetaka shule huku nyumbani wakitaka mifugo ya mahari, filamu ambayo Kenya iliipeleka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar cha 2025. Mwenyekiti aliiweka saa 5 asubuhi. Jumapili, saa 5, Kisumu! Labda awaonyeshe paka. Tumeisogeza hadi saa 9 alasiri, watu wametoka kanisani, wamekula, na hawajaanza kuwaza Jumatatu.

Ubishi mrefu ulikuwa juu ya "Darwin's Nightmare" ya Hubert Sauper, ya 2004, iliyopigwa Mwanza, ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Inahusu mbuta, ambaye jirani zetu humwita sangara: samaki aliyepandikizwa ziwani katika karne iliyopita akawala wengine, minofu yake ikawa inapakiwa ndege kwenda Ulaya huku wenyeji wakibaki na vichwa na mifupa. Iliteuliwa kuwania Oscar, na ilimkera Rais Jakaya Kikwete hadi akaishutumu hadharani mwaka 2006. Jaduong' hakuitaka. Alisema inamwonyesha Mwafrika kama mtu wa kuokota mabaki. Binti wa chuo alisema ndiyo maana ionyeshwe, watu waijibu. Mimi nilisema jambo moja: isionyeshwe ukumbini kwa watu wa ofisini, ipelekwe ufuo wa Dunga, kwa wenye mitumbwi, wao ndio waseme kama ni kweli au ni matusi. Wote wakakubali. Ijumaa, saa 1 na nusu usiku, turubai jeupe ufukweni, bure. Nilitoka mle ndani nikijiona nina akili sana. Mkumbuke hilo.

Kabla hatujaachana, mwenyekiti alisoma orodha ya vibali. Hapa Kenya filamu haionyeshwi kwa umma bila cheti cha bodi ya kuainisha filamu, hata iwe ya dakika tano. Ndivyo isemavyo Sura ya 222 ya sheria zetu. Cheti kinakuja na daraja: GE ni ya wote, PG mzazi awepo, halafu 16 na 18. Daraja hilo lazima nilichape kwenye tiketi, kwa sababu anayegombana na kijana wa miaka 15 mlangoni ni mimi. Filamu fupi mbili vyeti vyake havijafika. Nafasi zao nimeziandika "itatangazwa".

Saa 6 mchana

Tiketi zimefunguliwa. Shilingi 200, wanafunzi 100, watoto 50. Nina lahajedwali ya viti 120 kwa kila onyesho, na viti 10 vya mbele karibu na mlango nimevizuia kwa wageni na kamati.

Mteja wa kwanza alikuwa mama wa nyanya kutoka soko la Jubilee. Alisoma bango lote, kidole kikifuata mistari, kisha akauliza:

"Dada, hizi picha zina DJ?"

Msicheke. Watu wengi hapa walilelewa na vibanda vya video, na kwenye vibanda filamu haiongei yenyewe. DJ Afro ndiye anayeongea: anakwambia nani mbaya, nani atapigwa, na kwa nini anastahili. Nikamweleza kwamba hii ni ya Kiswahili tangu mwanzo, haihitaji mtu wa kuifafanua. Akafikiri. "Basi nipe mbili. Nikikosa kuelewa utanirudishia moja."

Kufikia saa 7 foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Vijana wa chuo wananunua kwa makundi, mmoja analipia wanane, halafu wanabishana palepale nani hajamrudishia nani. Mwanamume mmoja aliyevaa vizuri alinionyesha ujumbe wa M-Pesa wa shilingi 800 kwenye simu yake, akataka tiketi nne. Mimi huwa siangalii simu ya mteja, naangalia ya duka. Ya duka haikuwa na kitu. Nikamwambia, kaka, subiri kidogo, mtandao labda uko polepole. Alisubiri dakika mbili, akapokea simu ambayo haikulia, akaenda zake.

Nilijifunza pia, mwaka wa kwanza, kwamba tiketi ya bure ndiyo ghali kuliko zote. Ukimpa mtu bure anasema asante sana, na siku ikifika haji, na kiti kinabaki wazi huku aliye tayari kulipa amesimama nje. Siku hizi hata mgeni wa heshima nampa tiketi yenye sharti: dakika kumi kabla ya filamu kama hujaketi, kiti ni cha yeyote.

Saa 8 na robo mchana

Stima imepotea. Kompyuta imezima, printa imezima katikati ya tiketi, nusu ya neno "Vuta" imebaki ndani ya mashine.

Foleni haikupotea. Nilitoa kitabu cha risiti chenye kaboni, muhuri wa duka, na kalamu. Nikaendelea kwa mkono, nikikumbuka kwa kichwa viti vilivyokwisha kuuzwa. Kichwa changu ni kizuri, lakini kina mashimo.

Saa 10 alasiri

Stima imerudi pamoja na mvua, ile yetu ya ziwani inayokuja bila hodi. Nimehamisha risiti kwenye lahajedwali. Ijumaa usiku viti 97 vimeuzwa, na kimoja kina watu wawili. Kiti cha 41. Kabla stima haijapotea nilimwandikia mwalimu mmoja aliyepiga simu, na wakati wa giza nikamuuzia muuguzi aliyekuwa na haraka. Wote wamelipa. Kosa ni langu, hakuna wa kumsingizia, hata stima. Nimefunga duka.

Saa 11 na nusu jioni

Dunga, pamoja na fundi, kujaribu projekta. Hapo ndipo akili yangu ya asubuhi ilipokatwa mkia.

Kwanza, jua. Huku magharibi linazama dakika kama nane baada ya Nairobi, na turubai haliwezi kusomeka mpaka karibu saa 1 na robo. Hilo tulilijua. Pili, wadudu wa ziwani, wanaokuja kama moshi wakiona mwanga. Fundi analo jibu: anawasha taa kali hatua hamsini pembeni, mahali pasipo na watu, wadudu wengi wanakwenda huko kwenye karamu yao, wachache wanabaki kucheza kwenye picha.

La tatu hatukulijua. Mama mmoja anayeanika omena, dagaa wa ziwani, alikuwa anakunja nyavu zake, akaniuliza tunaleta nini. Nikamweleza kwa majivuno: filamu ya wavuvi, ya ziwa hili, Ijumaa ijayo usiku, bure.

"Wavuvi gani?" akauliza.

"Hawa wenu, Mama."

Akaangalia juu, si kwangu. "Nyathina, mwanangu, Ijumaa hiyo mwezi hautakuwepo. Omena huvuliwa gizani, kwa taa. Kukiwa na mwezi mpevu samaki hawaifuati taa, wanaume wanalala nyumbani. Hiyo Ijumaa yako wote watakuwa majini. Utawaonyesha nani, sisi?"

Nikacheka kwa kukosa la kusema. Miaka miwili nimewasema wenzangu kwa kutojua saa za watu, na mimi nimepanga filamu ya wavuvi usiku ambao hakuna mvuvi nchi kavu. Kusogeza hadi Jumamosi au Jumapili hakusaidii. Mwezi haubadiliki kwa siku mbili.

Tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mimi, fundi, Mama, na mzee mmoja wa kamati ya ufuo aliyekuja kusikiliza. Wanarudi lini? Alfajiri. Wanauza, wanalala. Wanaamka lini? Saa 7, saa 8. Wanatoka tena lini? Jua likianza kuinama. Basi saa yao ni mchana, na mchana turubai ni shuka tu. Mzee akaonyesha banda la mabati la kuhifadhia nyavu. Fundi akaingia, akafunga mlango, akatoka jasho likimtiririka. "Giza lipo. Hewa hakuna." Tukakubaliana: Jumamosi saa 8 mchana, tundu za ukutani zizibwe kwa magunia, mlango uachwe wazi na kuwekewa pazia zito, watu 60 basi. Usiku wa Ijumaa, turubai la nje tutawawekea kina mama na watoto filamu fupi zenye GE.

Mama akasema yeye pia anataka ya saa 8. "Mimi pia ni wa ziwa."

Nikamwandikia tiketi ya kwanza papo hapo, kwenye kitabu cha risiti.

Saa 3 usiku

Nimempigia mwenyekiti. Mabango ya Dunga yachapwe upya, kwa gharama ya duka langu. Amenyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni nani alisema Ijumaa. Nikamwambia mtandao ni mbaya.

Saa 4 usiku

Ugali wa jana na sukuma, miguu kwenye beseni. Lahajedwali bado inaonyesha nyekundu kwenye 41. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwandikia muuguzi, yeye akatangulia: "Dada, kiti changu kiko karibu na mlango? Natoka zamu saa 1 usiku, naweza kuchelewa kidogo, sitaki kukanyaga watu."

Kiti cha 41 kiko katikati ya safu ya tano. Cha karibu na mlango ni cha 3, na nimemwandika mwenyekiti, ambaye miaka yote tamasha likianza hazunguki chini ya mara kumi, hakai.

Nimemfuta. Nitamwambia kesho, akishakunywa chai.