Brentford hadi Teddington: kupanda mto Thames na maji ya kujaa

Boti yetu ni ya mifereji: ya chuma, mita 17 kwa urefu, upana mita 2 na ushei. Imezoea maji yaliyolala. Kabla ya kuitia kwenye Thames yenye kujaa na kupwa, magharibi mwa London, tulikagua kwanza tangi la dizeli. Boti ikitikiswa na mawimbi, uchafu uliolala chini ya tangi hupanda, huziba filta, na injini huzima katikati ya mto. Tuliweka filta mpya, tukafunga nanga kwenye omo (mbele ya boti) ikiwa na mnyororo wake, tayari kutupwa.

Loki ya Brentford, chumba cha maji chenye milango kinachotoa boti mferejini hadi mtoni, hufanya kazi kuanzia saa 2 kabla ya maji kujaa hadi saa 2 baada yake, na nafasi huombwa mapema. Tulitoka mara tu ilipofunguliwa. Safari nzima ni kama kilomita 8, na ukiwahi, maji yanakubeba. Ukichelewa, kupwa kunakupiga usoni na injini ndogo inahangaika. Mdomoni mwa mfereji ongeza nguvu, kwa sababu mkondo hushika omo na kuigeuza huku tezi (nyuma ya boti) ikiwa bado ndani. Redio ya VHF, ya mawasiliano ya vyombo vya majini, ilikuwa chaneli 14.

Richmond kuna malango matatu ya chuma, kila moja la tani 32, tangu 1894. Hushushwa maji yakipwa ili mto ulio juu yake usikauke, na huinuliwa saa 2 hivi kabla ya maji kujaa, yakabaki juu hadi saa 2 baada yake. Tulipita chini yake bila kulipa wala kusimama. Nje ya muda huo utatumia loki iliyo pembeni, kwa ada.

Ukiona mnara mdogo wa jiwe ukingo wa kushoto, umevuka mpaka: upande wa chini wa mto ni wa mamlaka ya bandari ya London, upande wa juu ni wa Environment Agency, shirika la mazingira la serikali. Hapo shika kushoto. Upande wa kulia ni kizuizi cha maji cha Teddington, na mkondo wake ni mkali mvua ikinyesha. Wakati wa bamvua kubwa (maji yanapojaa kupita kawaida) maji ya bahari hukifunika kabisa.

Loki za Teddington ziko tatu sambamba. Ya mashua za makasia ina upana usiofika mita 2. Ya majahazi, ya mwaka 1904, ina urefu wa mita 198. Mlinzi alituelekeza ya ukubwa wa kati. Subiri taa yake, ingia polepole, dapra (vikinga ubavu) zikining'inia pande zote mbili.

Ndani, kazi yote iko kwenye kamba. Zungusha moja ya omo na moja ya tezi kwenye nguzo za ukingoni, kisha ushike ncha mkononi. Usifunge fundo hata mara moja! Kamba ziwe na mita 10 au zaidi. Zima injini. Vilango vya kuingizia maji vya upande wa juu vikifunguliwa, maji huingia yakichemka na kuisukuma omo. Anayeshika kamba ya tezi peke yake ataiona boti ikikaa mshazari. Vuta kamba kadiri boti inavyopanda. Angalia omo isinase chini ya boriti za mlango. Boti ikishuka lokini, hatari iko nyuma: mlango wa juu una kizingiti cha zege, na tezi ikikalia kizingiti hicho huku maji yakipungua, omo inazama. Alama nyeupe ukutani inaonyesha kinapoishia. Kaa mbele yake.

Juu ya loki, leseni ya kawaida ya mifereji haitoshi. Kibali cha muda mfupi hununuliwa kwa mlinzi. Soma pia ubao wa mkondo: mwekundu maana yake maji ni makali, usiondoke, wa njano, mkondo unaongezeka au unapungua, na maandishi yake yatakwambia ni lipi.

Hapo kuna bomba la maji ya kunywa na mahali pa kumwagia vyoo vya kemikali. Acha bomba litiririke dakika moja kabla ya kujaza tangi, na tumia mpira wako mwenyewe wa maji. Wa kwetu wa mita 15 ulifika kwa shida.