Nilivyozoea kuishi Aachen, kona ya nchi tatu

Nina miaka mitatu Aachen, Ujerumani, nipo kimasomo. Huu mji uko mpakani kabisa, ukipanda kile kilima cha Vaalserberg, mita 322 hivi, unakuta nguzo ambapo Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji zinakutana, unaizunguka mara moja tu umeshaingia nchi zote tatu. Sa mie nikajua hawa ni wamoja, kama watu wa Holili na Taveta vile, pale mpakani mwa Tanzania na Kenya. Wapi!

Kilichoniuma zaidi ni bethidei. Kuna dada Mjerumani tulikuwa tunasoma nae, siku yake ilikuwa Jumamosi na mie wikiendi hiyo nina safari, basi Ijumaa jioni tunaagana nikampa hongera na zawadi kabisa. Sura ikambadilika, zawadi akaitia kwenye begi kimya kimya. Kumbe kwao ukimpongeza mtu kabla ya siku yenyewe unamletea mkosi. Nikamuomba radhi akanielewa, ila wiki nzima sikuwa na raha maana mie nilimtakia mema.

Mwezi uliofuata nikaalikwa bethidei Maastricht, upande wa Uholanzi, nikaenda na uoga wangu wa Ujerumani, nikampa mkono mwenye siku yake tu nikakaa. Huko viti wamevipanga duara, kila anaeingia anawapitia wote, anampongeza mama mzazi, shemeji, mpaka jirani, "gefeliciteerd", yaani hongera, kila kiti, na wanaojuana wanabusiana mashavuni mara tatu. Nikawa nimewapita wazee bila hongera! Niliposhtuka nikainuka nikaanza upya, bibi wa pale akanishika mkono kwa furaha. Na hili kwakweli nililipenda, hata kwetu mtoto akifaulu si tunampa hongera mama yake? Ila pilau usitegemee, ni kahawa na kipande cha keki, kula nyumbani kwanza.

Toka siku hiyo nikialikwa naandika ujumbe mapema, nije saa ngapi, kuna chakula au kahawa tu, na kwenu mnasalimianaje. Hakuna aliyewahi kuchukia, mama mmoja wa Liège, Ubelgiji, alinipigia kabisa akaniambia kwao busu ni moja.

Ubelgiji kinachosumbua ni lugha. Eupen wanaongea Kijerumani, ukisogea kidogo na treni ni Kifaransa kitupu. Treni ya kurudi iliwahi kuniacha Liège natafuta neno Aachen kwenye ubao, kumbe wameandika Aix-la-Chapelle, na Waholanzi nao wanaiita Aken, kwahiyo shika majina yote matatu.

Hela tembea nazo za aina mbili, keshi na kadi. Ujerumani bado kuna maduka ya mikate na vibanda vya kula wanataka keshi, ukivuka Uholanzi unakuta wameandika "alleen pinnen", yaani kadi tu, noti yako hawaigusi. Basi la 350 la kwenda Maastricht unagusisha kadi ukipanda na ukishuka, usisahau ya kushuka. Jumapili maduka ya Ujerumani yanafungwa, mie navuka Vaals, upande wa Uholanzi, kununua mchele na maziwa.

Na paspoti usiache nyumbani eti kisa Schengen, ule mkataba wa nchi za Ulaya kuvuka mipaka bila ukaguzi. Toka Septemba 2024 Ujerumani wanakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, mie nimeshasimamishwa mara mbili nikirudi, nikatoa paspoti na kadi ya ukaazi, dakika mbili tukaendelea.