Kiti cha baiskeli na upepo wa kusi

Jumapili iliyopita nilifika Tongoni kwa baiskeli kabla ya saa mbili asubuhi, upepo wa kusi umenipiga kifuani njia nzima. Kutoka kwangu Ngamiani, mjini Tanga, hadi pale ni kama kilomita 20 kwa barabara ya Pangani. Nina miaka 52.

Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu ya zamani niliikanyaga mwenyewe tangu asubuhi hadi magharibi, kisha nikaifunga mota. Nguo za sikukuu zikawa zinaisha mapema, na miguu ikakaa tu. Haikupita miaka minne nikawa naamka magoti yamekakamaa. Zahanati wakanipima presha, 150 kwa 95. Nesi akaniambia, pamoja na dawa, niuchangamshe mwili angalau dakika 150 kila wiki. Nikajaribu kutembea jioni hadi Raskazone, lakini hapakuwa na kilichonivuta.

Binti yangu alipohamia Dodoma aliacha ukumbini baiskeli yake ya kike, Phoenix, tairi zimelala. Utotoni nilijifunza kwa baiskeli ya kaka, nikipitisha mguu chini ya mtaimbo kwa sababu sikuweza kufikia kiti. Nilipoolewa nikaacha. Hakuna aliyenikataza, niliacha tu, na sasa naisikitikia ile miaka.

Wiki mbili za kwanza za kuiendesha ile Phoenix magoti yaliuma kuliko mwanzo. Nikampelekea fundi baiskeli nikidhani pedeli ni nzito. Akaniangalia nikipanda, akasema, "Mama Zuhura, pedeli haina kosa. Kiti chako kiko chini mno." Akalegeza nati, akanikalisha, akaniambia niweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukija kukanyaga kwa mbele ya unyayo, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Kiti kilipanda vidole vinne, na baada ya siku chache maumivu yakapungua. Wenzangu mnaouliza nachua kwa dawa gani, anzieni kwenye kiti.

Kuhusu mavazi: ndani suruali, dera nalipandisha na kulifunga kwa kanga kiunoni. Kifuniko cha mnyororo usikubali kiondolewe. Nimeshona mapindo mengi yaliyoliwa na mnyororo.

Tongoni kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Nguzo nyingi zimeanguka, na katika baadhi bado unaona vishimo vya duara walimopachika bakuli za Kichina. Nakaa hapo na maandazi yangu, naangalia mikoko. Nazitazama zile kingo za matumbawe zilivyochongwa, naona mkono wa fundi mwenzangu. Saa nzima inapita. Hicho ndicho nilichokikosa nilipokuwa natembea Raskazone: pahali pa kufika.

Msimu huu wa kusi kwenda ndiko kazi, kurudi upepo unanisukuma mgongoni. Kaskazi ikiingia mambo yanageuka, na ugumu unanikuta jua limeshapanda, kwa hiyo naondoka mara tu baada ya sala ya alfajiri.

Mwezi uliopita presha ilisoma 134 kwa 84. Dawa naendelea nazo kama nilivyoagizwa.

Zuhura anakuja likizo na anataka twende pamoja. Fundi ameshapata fremu ya pili, bado anatafuta tairi la nyuma. Kiti chake nitampimia mwenyewe.