Seli za plazma zinapoota nje ya uboho

Kinyama kinachotolewa puani mwa mtu mzima anayelalamika kuziba pua upande mmoja na kutokwa damu mara kwa mara hutufanya sisi wa maabara ya patholojia tufikirie kwanza saratani ya nasofarinksi (sehemu ya koo iliyo nyuma ya pua) au limfoma, yaani saratani ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu. Ni nadra hadubini ikaonyesha jambo jingine: seli za plazma, kiini cha kila moja kikiwa kimesogea pembeni, zimesongamana kiasi cha kufuta umbo la kawaida la tishu.

Seli hizi hutokana na limfosaiti B na kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Nyingi huishi katika uboho, na ndiyo sababu saratani yake inayojulikana zaidi, mayeloma, huanzia humo na kula mifupa. Plazmasaitoma ya nje ya uboho ni uvimbe unaoota katika tishu laini ilhali uboho wenyewe ni mzima, nao huwa takriban asilimia 3 tu ya saratani za seli za plazma. Zaidi ya asilimia 80 hutokea kichwani na shingoni, hasa puani, katika sinasi (mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso) na koo la juu. Wanaume huupata zaidi kuliko wanawake, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 50 hadi 60 hivi.

Ugumu ni kwamba pua iliyovimba kwa muda mrefu bila saratani nayo hujaa seli za plazma, kwa hiyo wingi peke yake hauthibitishi lolote. Tunatumia rangi za kingamwili kuona kama seli zinatengeneza minyororo myepesi (vipande vidogo vya kingamwili) ya aina zote mbili, kapa na lamda, au ya aina moja tu. Mchanganyiko huashiria mwitikio wa mwili. Aina moja tupu huashiria kizazi cha seli moja iliyoasi. Hapa Afrika Mashariki, ambako VVU bado vipo kwa wingi, lazima pia tuhakikishe kwamba si limfoma ya plazmablasti, yaani ya seli za plazma ambazo hazijakomaa, ambayo hupenda kinywa, huandamana mara nyingi na virusi vya Epstein-Barr, na tabia yake ni kali zaidi kwa mbali.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, jibu letu la biopsi, yaani uchunguzi wa kinyama hicho, ni nusu tu ya utambuzi. Bila kuchunguza uboho, kupiga picha za mwili mzima, na kupima hemoglobini, kalsiamu, figo na protini za damu, hakuna anayeweza kusema kwamba uvimbe uko peke yake. Naelewa kwa nini familia iliyokwisha kulipia vipimo vingi huomba kukiacha kile cha uboho, maana kinauma na kina gharama, lakini ndicho kinachoamua njia ya tiba. Mayeloma hutibiwa kwa dawa za mwili mzima, na kwa kawaida haiponi kabisa. Uvimbe huu wa pekee hutibiwa kwa mionzi, kwa kawaida grei (Gy, kizio cha kupimia mionzi) 40 hadi 50 kwa wiki kadhaa, na wagonjwa wengi hudhibitiwa vizuri mahali pale pale ulipoota.

Baadhi yao hupata mayeloma miaka ya baadaye, ingawa ni wachache kuliko wale ambao uvimbe wao wa pekee ulianzia ndani ya mfupa. Kwa hiyo vipimo vya protini za damu huendelea hata baada ya pua kufunguka na damu kukoma, kwa miaka mingi.