Maji ya Matema hayakwenda Mtera

Boti ile ililetwa karakana kwetu Uyole, Mbeya, mwezi Juni, imefungwa juu ya trela, ikitokea Matema, kwenye Ziwa Nyasa, kwenda Bwawa la Mtera. Mwenyewe alikuwa na ombi moja tu: pampu ya farumi, yaani ya maji yanayobebwa ili kuongeza uzito, ya upande wa kushoto ibadilishwe, maana imekufa, na pampu mpya ameshainunua.

Boti za kuvuta wachezaji wa weikibodi, ubao wa kutelezea juu ya maji, hubeba maji ndani kwa makusudi. Uzito huo huididimiza nyuma, na wimbi linaloachwa na boti huwa refu na gumu kiasi cha kumrusha mchezaji juu. Hii ilikuwa na mifuko mitatu ya vinaili: miwili ya lita 340 chini ya viti vya nyuma na mmoja wa lita 200 mbele. Yote ikijaa ni kilo 880. Dereva alisema boti huwa inalalia kushoto hata baada ya kumwaga maji.

Tulipoinua kiti cha kushoto, harufu ya mayai viza ilitoka yote kwa mara moja. Hiyo ni gesi ya majani na mwani vilivyooza mahali pasipo hewa, na ni sumu. Kwa hiyo kwanza tulifungua vifuniko vyote, tukaweka feni, tukaondoka kidogo. Hakuna haja ya kuingiza kichwa kwenye chumba cha namna hiyo kwa haraka ya kuona tatizo.

Pampu ilikuwa nzima. Tuliigusisha umeme wa betri kwa sekunde moja tu, ikazunguka vizuri. Zaidi ya hapo si salama, kwa kuwa impela, gurudumu lenye mabawa ya mpira linalosukuma maji, ikizunguka bila maji huungua ncha zake haraka sana. Tulifungua skrubu za mfuniko wake tukakuta mabawa mawili yamepasuka kwenye shina, na ndani mchanga mwekundu laini. Impela ni kitu cha kubadilisha kwa dakika chache. Pampu nzima haikuhitajika.

Tatizo lenyewe lilikuwa ndani ya mfuko. Matema iko karibu na mahali Lufilyo unapoingia ziwani, na mvua za Kyela zinapopamba moto mto huo hushusha udongo mwingi. Mtu akijaza farumi karibu na fukwe wakati maji yamechafuka, anajaza tope. Tope hutulia chini ya mfuko, na chini ndiko liliko tundu la kutolea maji. Pampu inavuta, ngozi ya juu ya mfuko inashuka, inabanana na tope kwenye tundu, njia inaziba maji yakiwa bado yamo. Ndiyo sababu ya boti kulalia upande mmoja, na ndiyo iliyoua impela: pampu iliachwa ikivuta pasipo maji ya kupita.

Tulilegeza klipu za mipira yote ya kupitishia maji na hewa, tukaitia alama kwa rangi ili kila mmoja urudi mahali pake, tukaitoa mifuko nje. Wa kushoto ulitoa ndoo nzima ya maji meusi na uji wa tope. Mpira wa kupumulia, unaotoa hewa ya mfuko, nao ulikuwa umelegea katikati na kufanya tumbo, na humo kulikuwa na maji yaliyokaa tangu lini haijulikani. Mpira wa namna hiyo sharti upande moja kwa moja bila bonde. Tuliukata, tukaufunga upya kwa vishikizo.

Kijana mmoja wa karakana akauliza, "Mzee, si tumwage klorini tu, tufunge?"

Hapana. Klorini humalizwa nguvu na uchafu. Ukiimwaga juu ya tope inapambana na tope, na vijidudu vilivyo chini yake vinabaki. Tulisuuza kwanza kwa maji ya bomba, tukiukunja mfuko kutoka pembe za mbali kuelekea kwenye tundu, hadi maji yaliyotoka yakawa meupe. Kazi hii ndiyo ilichukua muda mrefu kuliko zote na ndiyo yenye maana kuliko zote. Ndipo tukaweka klorini ya dukani, ile iliyoandikwa asilimia 3.5: mililita 60, yaani vijiko vikubwa vinne, kwa ndoo ya lita 20. Tuliigeuza mifuko pande zote kwa robo saa, kisha tukasuuza tena hadi harufu ikaisha, maana klorini ikikaa hula mpira. Haichanganywi na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi inayounguza mapafu.

Hapo mwenye boti aliona tumemaliza. Mimi nilimwomba atupe muda zaidi, na sababu yangu ilikuwa Mtera. Maji ya Nyasa hutoka kwa mto Shire kwenda Zambezi. Maji ya Mtera ni ya Ruaha Mkuu, yanayokusanyika Usangu na kwenda Rufiji. Hayakutani popote, isipokuwa mtu ayabebe. Nyasa ina konokono wa kichocho, na baadhi ya konokono wa jamii hiyo huweza kulala kwenye ukavu kwa miezi, hivyo kukausha peke yake hakutoshi. Magugu maji nayo yameshatuonyesha Ziwa Victoria yanavyoweza kufanya. Anayehamisha boti ana wajibu kwa wavuvi wa kule anakokwenda.

Kwa hiyo tulitumia joto. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na maji ya bomba ya Juni ni baridi kweli, kama nyuzi 15. Ndoo moja ya yanayochemka na moja ya baridi hutoa nyuzi 54. Yanayochemka yenyewe yangeharibu maungio ya vinaili. Mchanganyiko wa kwanza tuliumwaga, maana ulipasha mfuko tu. Wa pili ndio uliokaa dakika tano, ukigeuzwa, kisha ukapitishwa kwenye mipira na chujio. Maji yote tuliyamwaga kwenye udongo mkavu mbali na mtaro.

Kukausha kulikuwa kugumu, kwa baridi ile. Tulitundika mifuko tundu likiwa chini, tukaweka kipande cha bomba la mpira mgumu ndani ya kila tundu ili ngozi zisigandane, na mchana tukaitoa juani. Ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, tuliifuta kwa matambara hadi pembeni.

Impela mpya tuliipaka maji ya sabuni, si grisi, tukaifunga. Jaribio tulilifanya kwa ndoo ya lita 20: iliisha kwa sekunde 27, karibu lita 44 kwa dakika. Kwenye tundu la kila mfuko tuliacha kile kipande cha mpira kilichotobolewa pembeni, ili ngozi isifunge njia tena. Dereva tulimwelekeza ajaze farumi katikati ya bwawa, kamwe si ufukweni, na amwage palepale kabla ya kurudi. Kizibo cha ngama tulikifunga kwenye usukani kwa kamba, boti isafiri ikiwa wazi na isishushwe majini bila mtu kukigusa. Pampu mpya aliyokuja nayo aliirudisha dukani.