Nati mbili za viatu vya mwanangu

Mimi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kiko Ngamiani, Tanga. Kunyoosha vilivyopinda ndiyo kazi inayonilisha. Kwa hiyo mara ya kwanza nilipomfunua mwanangu wa pili nikaona mguu wa kulia umekunjamana kwa ndani, unyayo unautazama mguu mwenzake na kisigino kimepanda juu, mkono wangu uliufuata wenyewe. Mkunga akanidaka. "Baba, acha. Huo haunyooshwi kwa nguvu."

Nyumbani kila mtu alikuja na sababu yake. Shangazi alisema mke wangu alitoka nje usiku wa mwezi kupatwa. Jirani akauliza kama hakuwahi kumcheka kilema. Mama yangu alikuwa keshapasha mafuta ya nazi, anataka tumkande asubuhi na jioni. Mke wangu hakulala, anahesabu alichokula na alipopita tangu mimba changa.

Mtoto alikuwa na siku kumi tulipofika kliniki. Daktari alimkagua kwanza mgongo na nyonga, maana mara nyingine mguu huu huja pamoja na kasoro ya uti wa mgongo. Wetu alikuwa mzima pengine pote. Akatuambia hizi ni nyayo za kupinda, wengine huita mguu kifundo, na humpata takriban mtoto 1 katika kila 1,000. Wavulana ni karibu mara mbili ya wasichana, na kama nusu ya watoto hao hupinda miguu yote miwili. Kwa wengi chanzo chenyewe hakijulikani, ila mama hana kosa alilotenda. Kuna koo ambazo jambo hili hujirudia. Tuliporudi na habari hiyo, mama akanyamaza kidogo, kisha akamkumbuka mjomba wake wa Pangani aliyetembelea ubavu wa mguu hadi uzeeni. Habari ya mwezi ikaishia hapo.

Tiba yenyewe ilinipendeza kama fundi. Ringi iliyopinda huigongi nyundo, unakaza spoku hii robo, unalegeza ile robo, unazungusha, unatazama. Daktari alifanya hivyohivyo kwa vidole: anaupapasa mguu taratibu, anausogeza kidogo, kisha anaufunga hogo, ile plasta ngumu ya mtu aliyevunjika, kuanzia vidoleni hadi pajani, goti limekunjwa. Kila wiki hogo linabadilishwa. Njia hii ni ya Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, tangu miaka ya 1940, na madaktari wengi walichukua miongo kumkubali kwa sababu walizoea kupasua.

Hogo la kwanza lilitutisha. Lilipofunguliwa, unyayo ulionekana umegeukia juu zaidi kuliko mwanzo. Kumbe ndivyo inavyotakiwa: sehemu ya mbele hulinganishwa kwanza na ya nyuma, halafu ndipo mguu wote unapelekwa nje. Kazi yetu ilikuwa kutazama vidole. Viwe na joto, ukibonyeza kucha damu irudi upesi. Vikianza kuzama ndani ya hogo, basi limeteleza na mtoto arudishwe kliniki. Usiku wa kabla ya kubadilisha tulililoweka kwa maji ya vuguvugu yenye siki kidogo, tukalibandua. Kwa joto la kaskazi, harufu yake naikumbuka hadi leo.

Baada ya hogo la sita mguu ulikuwa umenyooka, isipokuwa kisigino kilichokataa kushuka. Akapigwa ganzi, kano ya kisigino ikakatwa kwa tundu dogo, dakika chache tu, akanyonya papo hapo. Hogo la mwisho likakaa wiki tatu ili kano iunge ikiwa ndefu zaidi.

Nilidhani tumemaliza. Tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza.

Akapewa viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito wa chuma. Mama aliviita pingu. Saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha kila anapolala hadi afike miaka minne au mitano. Usiku wa kwanza alilia mpaka alfajiri kwa sababu anarusha mguu mmoja na mwingine unamgomea. Nilimshika ufito nikamsukuma miguu kwenda na kurudi, nikagundua nakosea: nilikuwa namfundisha pedeli, na pedeli hupishana. Hii inataka miguu yote pamoja. Siku ya tatu akaielewa, akawa anapiga godoro kwa furaha.

Kosa langu lilikuja baadaye, alipokuwa na miezi sita. Kiatu cha kulia kilikuwa kimeelekezwa nje nyuzi 70, cha kushoto 40. Mtoto alikuwa analia, labda meno, nami nikautazama ule mguu wa kulia nikaona umepindishwa mno. Nikachukua spana. Nikalegeza nati, nikakirudisha kiatu kilingane na mwenzake, nikakaza vizuri kabisa. Sikumwambia mtu. Alilala vizuri, nikajipongeza.

Siku ya kliniki, miezi mitatu mbele, daktari aliushika mguu, akauinua, akanyamaza. Mbele ya mguu ilikuwa imeanza kurudi ndani. Kisha akatazama viatu. "Nani kagusa nati hizi?"

Mke wangu alinigeukia. Nilitamani sakafu ipasuke. Nikasema ni mimi.

Daktari hakunifokea, ingawa ingekuwa nafuu. Alinieleza kwamba ule mwelekeo wa nje ndio dawa yenyewe. Viatu vikitazama mbele vyote, mguu unarudi ulikozoea. Wengi wanaorudia kupinda ni wale ambao viatu vyao havikuvaliwa inavyopaswa. Tukaanza upya hogo tatu, mtoto keshajua kutambaa, analiburuza sakafuni kama gogo.

Sasa ana miaka mitatu na nusu. Mchana anavaa ndala kama wenzake na anakimbiza mpira uwanjani hadi nichoke kumwita. Jioni huleta viatu mwenyewe: chandarua, soksi, kisigino kikae chini, mkanda wa kati kwanza. Ukisahau soksi anakukumbusha.

Spana zangu zinalala kijiweni. Na kila nati ya ule ufito mke wangu ameipiga mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, nikiigusa mstari uachane. Kila Ijumaa anaukagua, nami nikiwa nimekaa palepale.