Kutoka Kehl hadi Geneva na kurasa nne zenye mabano

Nilivuka mto Rhine kwa miguu, asubuhi na mapema, begi mgongoni. Ndani ya begi mlikuwa na kurasa nne zilizotuchukua miezi saba kuziandika. Daraja lile la waenda kwa miguu linaunganisha Kehl, upande wa Ujerumani, na Strasbourg, upande wa Ufaransa. Hakuna aliyeniuliza pasi. Nilipokaribia ng'ambo nikatoa simu nikaitazama: jina la kampuni ya Ujerumani likatoweka, la Ufaransa likajitokeza, na ujumbe wa kunikaribisha ukaingia. Waendesha baiskeli walinipita wakinishangaa, mtu kasimama darajani anakodolea macho vistari vya mtandao.

Nilikuwa njiani kwenda Geneva, kwenye kikao cha kikundi cha utafiti cha Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, kile kinachoshughulikia nambari za simu, kupeleka kurasa hizo: pendekezo la kundi la kanda yetu kuhusu nambari za nchi kutumiwa vibaya. Ningeweza kuruka moja kwa moja hadi huko. Nilipitia hapa kwa ajili ya meza moja ambayo haipo tena.

Katika miaka ya 1850, telegramu ya kutoka Paris kwenda dola la Baden, ambalo leo ni sehemu ya Ujerumani, ilifika Strasbourg kwa umeme, ikakomea hapo. Mitandao ya Ufaransa na Baden haikuwa imeunganishwa. Katika kituo cha pamoja walikaa makarani wawili, mmoja wa kila upande. Karani Mfaransa alipokea ujumbe, akauandika kwa mkono kwenye fomu, akamsogezea mwenzake mezani. Yule akautafsiri kwa Kijerumani, kisha akautuma upya kwa waya wa kwao. Maneno yaliyokimbia mamia ya kilomita kufumba na kufumbua yalivuka upana wa meza kwa kalamu na wino.

Wengi walionitangulia katika kazi hii walicheka habari hiyo kila iliposimuliwa. Mimi huwaheshimu wale makarani. Kabla nyaya hazijaungana, wao ndio waliokuwa kiungo.

Wengi hutaja 17 Mei 1865 kuwa siku ya kuzaliwa kwa viwango vya kimataifa vya mawasiliano, siku ambayo nchi 20 zilitia saini mkataba wa telegrafu mjini Paris. Tarehe ni sahihi, ila mimba ilikuwa imetungwa zamani. Mwaka 1850 Prussia, Austria, Bavaria na Saxony ziliunda umoja wao wa telegrafu. Mwaka 1855 Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi, Hispania na Sardinia zikaunda wa kwao. Kwa hiyo Paris haikuanza na karatasi tupu. Ilizikuta kanda mbili, yaani makundi mawili ya nchi, ambazo kila moja ilikwishajifunza kukubaliana yenyewe kwa yenyewe, na kazi ikawa kuzikutanisha. Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia ushirikiano wa kikanda ukielezwa kana kwamba ni darasa la maandalizi la wasioweza mambo makubwa. Kiwango cha dunia hupikwa kandani kwanza.

Kurasa zangu nne zilipikwa hivyo hivyo. Mwanzoni zilikuwa nyaraka tatu za nchi tatu, kila moja ikilalamikia jambo lile lile kwa namna yake: nambari za nchi kutumiwa vibaya. Mtu hupigiwa simu inayokatika baada ya mlio mmoja. Anaona nambari ya ng'ambo, anapiga. Simu ile haifiki kabisa katika nchi yenye msimbo huo. Inakatizwa njiani, dakika zinahesabiwa, na mapato yanagawanywa na watu wasioonekana. Kinachoumiza zaidi huja baadaye. Kampuni za mbali zikichoka na malalamiko hufunga kundi zima la nambari, na hapo wenye nambari halali nao hawapatikani. Niliwahi kuzungumza na mama aliyekaa wiki mbili akiamini mwanawe aliye ng'ambo amemsusa. Kumbe kila kijana yule alipopiga, simu ilikufa kabla ya kutoka alikokuwa.

Nyaraka tatu zile zingefika Geneva kila moja kivyake, zingesomwa kwa dakika tano tano, zikapewa nambari na kuwekwa kabatini. Mzee mmoja wa kundi letu la kanda, aliyeanza kwenda huko tangu chombo cha viwango cha ITU kikiitwa CCITT, jina lililobadilishwa mwaka 1993, aliniambia kwenye simu: "Mwanangu, usiende na karatasi ya kwenu. Nenda na karatasi ya wote." Basi tukakaa. Vikao kwa vikao, mtandao ukikatika na kurudi, tukabishana maana ya kila neno hadi nchi zote zilizoshiriki zikaweka jina chini ya maandishi mamoja.

Kutoka Strasbourg nilipanda treni hadi Basel, nikabadilisha, nikashuka Bern.

Ofisi ya umoja uliozaliwa kwa mkataba ule wa Paris, ambao leo ndio ITU, ilikuwa Bern tangu 1868 hadi 1948, ilipohamia Geneva. Katika uwanja wa Helvetia, ng'ambo ya daraja la Kirchenfeld, umesimama mnara wa ukumbusho wa telegrafu, kazi ya mchongaji Giuseppe Romagnoli wa Italia, uliozinduliwa mwaka 1922. Sanamu za watu zimesongamana juu ya chemchemi, zimeinamiana kama watu wanaonong'onezana habari nzito. Nilikaa pale kama nusu saa. Watu walipita na simu masikioni.

Treni ya kutoka Bern kwenda Lausanne huingia kwenye handaki, na ikitoka, ziwa lote la Geneva liko chini yako, mashamba ya mizabibu yakiteremka hadi majini. Abiria waliokuwa wamesinzia wakainua vichwa. Mimi nilikuwa nimefungua kurasa zangu magotini, nikiwaza upande wa pili wa jambo, ule unaonitia hofu.

Kanda inaweza kuwa ukuta. Mfano wake uko ndani ya G.711, kiwango cha mwaka 1972 cha kugeuza sauti ya simu kuwa tarakimu. Sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kwa biti nane, yaani tarakimu nane za sifuri au moja, jumla biti 64,000 kwa sekunde. Hapo wote walikubaliana. Lakini namna ya kubana vile vipimo, Amerika Kaskazini na Japani walikuwa na kanuni yao, Ulaya na sehemu kubwa ya dunia nyingine wakawa na ya kwao, na kila upande ulikuwa umeshawekeza kwenye mitambo. Hakuna aliyerudi nyuma. Kiwango kikabeba kanuni zote mbili, pamoja na sharti kwamba simu ikivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, kazi ya kugeuza itafanywa na nchi zinazotumia kanuni ya Amerika na Japani. Ukilitazama vizuri sharti hilo, unaiona tena meza ya Strasbourg, safari hii ikiwa mtambo.

Kanda hizo zilikuwa na mshikamano wa kutosha, tena wa hali ya juu. Kasoro ni kwamba zilikutana zikiwa zimekwisha kuamua. Niliandika pembeni ya ukurasa wa pili: tuache nafasi.

Geneva niliingia jioni. Kesho yake nilichukua tramu namba 15 hadi uwanja wa Mataifa, nikapita chini ya kile kiti kikubwa cha mbao kilichovunjika mguu, nikaingia ukumbini. Kundi letu lilikutana saa moja kabla ya kikao, kama ilivyo desturi ya makundi ya kanda. Yako sita yanayotambuliwa: la Afrika lenye makao Nairobi, la Asia na Pasifiki lenye makao Bangkok, la Ulaya, la nchi za Amerika, la Kiarabu, na lile la nchi zilizokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Hata nambari za simu zimepangwa kwa kanda: tarakimu ya kwanza ya msimbo hukuonyesha, karibu kila mara, simu inakwenda upande gani wa dunia. Mbili ni Afrika, tatu na nne Ulaya, tano Amerika ya Kusini na ya Kati.

Maandishi yetu yaliwekwa kwenye skrini. Kwa kuwa yalikuwa na majina ya nchi nyingi chini yake, mwenyekiti aliyapa asubuhi nzima, na hilo tu lilifuta uchovu wangu wa miezi saba. Halafu mabano yakaanza. Atakayeingia vikao hivi kwa mara ya kwanza ajue: sehemu isiyokubaliwa hufungwa kwa mabano ya mraba, na waraka ukiwa na mabano hauendi hatua ya kuidhinishwa. Kwenye mambo ya nambari na bei sheria ni kali zaidi, nchi moja ikipinga siku ya kuidhinisha, basi. Kufikia mchana ukurasa wangu wa tatu ulikuwa na jozi tisa.

Nyingi tuliziondoa kwa kuelezana tu. Mbili zikagoma, zote kwenye aya moja. Sisi tulitaka nchi inayopokea malalamiko iwe na lazima ya kuyajibu na kuyachunguza ndani ya siku maalumu. Kundi la kanda nyingine lilitaka neno laini, "inafaa". Mapendekezo ya ITU ni ya hiari mpaka nchi iyaingize kwenye sheria zake, lakini neno "lazima" ni zito: anayedai kukifuata kiwango hana pa kupitia.

Wakati wa mapumziko dada aliyezungumza kwa niaba ya kundi lile alinijia. Nilitegemea mabishano. Badala yake akaniuliza: "Kaka, yule mama wa kwenye maelezo yenu, kampuni ilimjibu lini?" Nikamwambia hakujibiwa kabisa, na kilichomuumiza ni ule ukimya. Akanyamaza. Kisha akaniambia shida yao: uchunguzi ukivuka mitandao mitatu minne, hakuna mtu mmoja anayeushika, na wataalamu wao wasingeweza kuahidi siku. Kujibu tu kwamba malalamiko yamefika, hilo waliliweza.

Tulikaa kwenye meza ndogo nje ya ukumbi. Akachukua karatasi yangu, akaandika kwa kalamu, akanisogezea: "lazima" kwa kujibu, "inafaa" kwa kuchunguza. Nikasoma mara mbili. Nikaongeza maneno matatu, kwamba jibu liende kwa maandishi, nikamrudishia. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kuwaonyesha wenzake.

Alasiri mwenyekiti aliuliza kama kuna pingamizi. Wakalimani walinyamaza kwenye vibanda vyao, ukumbi ukatulia, hakuna aliyeinua kibao cha nchi yake. Jozi moja ikafutika kwenye skrini. Nyingine ilibaki, ile ya idadi ya siku za kujibu, kwa sababu kundi letu lenyewe halikuwa na sauti moja: wengine siku saba, wengine thelathini. Waraka ukaahirishwa hadi kikao kijacho.

Nikiwa kwenye tramu nilimwandikia mzee: mabano yamebaki jozi moja, na ni yetu wenyewe. Alijibu kabla sijafika kituo cha reli. "Jumanne saa nne asubuhi. Waite wote."